Dakika Ishirini na Tano

Ami Shaame alipiga saa mbili na nusu, chai yangu haijapoa.
"Mwenyewe keshachukua amana yake," alisema.
"Twamzika adhuhuri. Maiti hangojwi."
Nikasema najua. Nikaanza kupiga hesabu pale pale,
kama mtoto wa skuli aliyeitwa ubaoni:

Kisauni hadi Wawi, ukinyoosha uzi kwenye ramani,
kilomita mia na ishirini na tano.
Ndege, dakika ishirini na tano.
Kilomita tano kila dakika, haibaki kitu.
Wawi hadi Konde kwa gari, saa nzima,
na ushei kama karafuu zimeanikwa njiani.
Ndege ya saa nne na robo, sala saa sita na nusu.
Kwa karatasi, nafika.

Nilivuta begi la uvunguni, limeshafungwa
tangu Idi ile niliyosema nakuja.

Kaunta, Zuwena alilipima begi, kisha akanipandisha na mimi,
kwa sababu ndege ndogo haina siri na mtu.
"Umezidi kilo nne, na leo imejaa."
Nikapiga magoti sakafuni, nikafungua zipu.
Redio ya baba, kilo tatu, bado imo ndani ya boksi lake.
Viatu vya baba, namba arubaini na mbili, kilo moja.
Jibu kamili. Mwalimu angetia vema.
Redio nikampa mlinzi. Viatu Zuwena akavisukuma chini ya meza,
akasema, "Utavipitia," na mimi sikubisha.

Saa nne na robo ikapita. Rubani alikuwa anangoja karatasi,
karatasi ilikuwa inangoja mtu.
Mlinzi akachomeka redio ukutani, akatafuta stesheni,
na kwa kuwa ilikuwa saa ya matangazo ya vifo
ikaanza kusema, sauti mpya, haina mkwaruzo:
Bwana Faki Khatib wa Konde,
ndugu wa Shaame, baba wa Mize wa hapo hapo Konde
na wa Mbarouk, aliyeko Unguja.
Mlinzi akaongeza sauti. Hakujua.

Tuliruka saa tano na dakika tano.
Rubani akageuza shingo, akatwambia kwa furaha
upepo uko nyuma yetu, tutaokoa dakika mbili.
Nikazipokea. Sikuwa na pa kuziweka.
Chini, bahari ilikuwa nyembamba
kuliko nilivyokuwa nikiisimulia.

Na karafuu zilikuwa zimeanikwa njiani.

Konde niliwakuta wanasawazisha.
Ami akanikabidhi jembe bila ya neno,
nikaongeza udongo juu ya udongo uliokwisha kutosha.

Usiku, mtoto wa Mize, wa miaka minane,
alinisogezea sahani ya wali akauliza mimi nani.
Nikamwambia.
"Unguja mbali?"
Nikaivua saa ya mkononi,
nikaigeuzageuza kana kwamba ina upande wa pili.

Siku ya nne nilirudi. Dakika ishirini na saba, upepo wa mbele.
Zuwena akaniona, akainama chini ya meza.
Vinanibana kidogo. Nimevivaa.