Kisogo cha Nina

Bibi Marjun alitema mate kwenye kichupa
kwa haya, akiipa picha ya marehemu mumewe kisogo.
Akakifunga, akabandika namba aliyopewa.
Mvua ya Sandoy, isiyojua msimu,
ilikuwa ikipenya mbao za kibanda
ambamo nyama ya kondoo huning'inia
hadi upepo wa chumvi uiivishe.

Miaka yote tulijijua.
Ndani ya jalada la Biblia kuna wino wa kahawia:
Tróndur mwana wa Jákup, Jákup wa Hanus,
Hanus wa Tróndur mwingine, aliyezama na kondoo saba,
wanaume kumi na wanne, ngazi hadi Norwe,
hadi merikebu, hadi shoka.
Niliikariri utotoni kama jedwali la kuzidisha.
Tukiulizwa, tulikuwa watu wa kaskazini. Basi.

Barua ilikuja Mei, tukiwa na udongo wa viazi kuchani.
Nilisoma mimi, macho ya Bibi yamechoka.
Upande wa baba (kwa mate ya Dánjal, kaka yake,
maana mwanamke uzi ule hana): Norwe,
kama tulivyosema siku zote.
Dánjal akakohoa kwa fahari.

Ukurasa wa pili.
Uzi ambao mama humpa kila mtoto
lakini binti pekee huupitisha mbele
hautoki Norwe.
Unatoka kusini, visiwa vya Uskoti, pwani ya Ireland.
Wala si kwetu tu: nyumba kwa nyumba, kisiwa kwa kisiwa,
baba katoka ng'ambo moja ya bahari,
mama katoka ng'ambo nyingine.

Barua haikusema walikujaje.
Vinasaba havisemi aliolewa, aliuzwa,
alifungwa kamba kwenye mlingoti,
au alipanda mwenyewe, anacheka,
kwa ajili ya mpiga makasia mwenye meno mazuri.
Vinasema: alikuwapo. Alizaa.
Binti yake akazaa.

Mwana hutazama kisogo cha nina.
Niliwaona wamejipanga kwenye ukungu,
wanawake thelathini na tano, labda arobaini,
kila mmoja macho kwenye kisogo cha aliye mbele,
nywele zimefungwa, shingo zimelowa,
nami mkiani mwa mstari, sijui uso hata mmoja
zaidi ya hizi mbili tatu za karibu.
Na yule wa mbele kabisa,
yeye anatazama nini?
Maji.

"Kumbe nusu yetu ni wageni," akasema Dánjal.
"Nusu ipi?" akajibu Bibi. "Nionyeshe.
Kama ni yenye goti hili, irudi kwao."

Kisha akauliza, "Na jina lake?"
Nikageuza karatasi.
Nyuma palikuwa na anwani ya maabara.

Akashika tena sindano zake, akafuma mistari miwili.
"Tarvur," akasema, kana kwamba kuna aliyemuuliza.
"Fahali. Mwalimu Sunnuva alituambia
neno hilo halikuja na watu wa Norwe.
Na drunnur, kitako cha kondoo."
Akatafuta mengine, vidole vikihesabu,
yote maneno ya zizini, ya ndoo na kwato.
Hakuna aliyemwandika kwenye jalada.
Lakini mtu alisimama matopeni, mgeni,
akamwita fahali kwa lugha ya kwao
kwa kuwa ndiyo fahali angeielewa, au kwa ukaidi,
watoto wakasikia, wakashika,
na sisi hadi leo twamwita hivyo.

Dánjal alikwenda kuangalia viazi.

Usiku nilimsuka Bibi, mabega yake hayainuki tena.
Nikagawa nywele, zimebaki chache,
kisogo kikatokea, cheupe, kina mikunjo,
kama cha yeyote.
Nikakaa nacho kitambo.

"Usivute hivyo," akasema.
"Mama alikuwa na mkono mwepesi."