Kifurushi cha Nyumbani

Desemba, ujumbe uliingia kwa Kichaga
simuni mwa Bi Walburga Shirima, Mbagala Zakhem.
Mngoni yule. Shirima ni la marehemu mumewe.
Akaniletea kibandani: "Nisomee, wanasemaje?"

Nami, wakala wa laini, nikabahatisha:
dakika mia mbili, nusu bei, piga Rombo.

Fundi Mwinchande akasimamisha cherehani,
akachungulia simu yake. Kimya.
"Wazaramo hatuna kifurushi?"
Kwao ni hapa. Mnara wenyewe
umesimikwa penye minazi ya babu yake.

Nikaitetea kampuni, nala kamisheni:
"Fundi, muuza sare si hukaa karibu na shule?"
"Hukaa. Ila hamuulizi mtoto ukoo
ndipo ataje bei.
Mimi namshonea Mmakonde, namshonea Mpare.
Napima kiuno.
Sijawahi kupima kabila."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vocha.

Bi Walburga akanunua.
Akampigia wifi yake wa Rombo,
hawajasemezana tangu matanga,
shauri ya kile kiwanja.
Wakaongea mpaka dakika zikakatika,
kwa Kiswahili,
na fundi, kanyagio chini ya mguu,
hakulikanyaga.