Upanga wa Beda Manser

Jumapili ya mwisho ya Aprili.
Theluji bado imekalia mabega ya Säntis,
na huku chini, Appenzell, uwanja umefagiliwa,
kamba zimevutwa, polisi ni watatu tu,
mmoja wao mpwa wangu, anapiga miayo.

Nimeteremka na basi la saa nne,
viganja vinanuka maziwa ya mbuzi.
Nitasema imani yangu mapema, nisizunguke:
serikali naipenda kama kisu cha jibini,
kifupi, kikali, chenye kazi moja,
kikimaliza kirudi alani.
Anayetaka kunipimia dirisha la zizi
aje kwanza alale humo usiku mmoja wa Januari.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Kutoka Bern nimeletewa fomu ya kurasa kumi na tisa.
Mbuzi wangu ni kumi na wanne.

Barabara ya kwetu tuliichonga wenyewe.
Siku ya kuichangia nilimwona kila aliyeinua mkono,
nikamwona na kila aliyeunyima,
na Emil Inauen, aliyeunyima kwa kelele,
ndiye aliyeniazima trekta.
Huo ndio uhuru ninaouelewa:
kukataana mchana, kuazimana jioni.

Lakini.

Ukutani kwangu kuna upanga.
Wa baba, Beda Manser; kabla yake, wa babu yake.
Mara moja kwa mwaka aliupaka mafuta,
akaufunga kiunoni, ukawa cheti:
mwenye upanga ana sauti.
Mama alimfunga kifungo cha shingo,
kisha akapanda kwa shangazi, dirishani, ghorofa ya pili,
akahesabu mikono upesi kumshinda karani.

Mara tatu wanaume waliulizwa:
wake zenu waingie ndani ya kamba?
Mara tatu, hapana.
Ya tatu nilikuwa na miaka ishirini na minane.
Niliuona mkono wa baba ukipanda pamoja na wanaokataa,
mkono ulionifundisha kukamua.
Haukutetemeka.
Jioni alikunywa supu aliyoipika mama.
Hakuna aliyesema neno. Vijiko vilisema.

Ndipo ikaja hukumu kutoka Lausanne,
ya majaji wasiojua hata jina la kijito chetu,
wasiokilalia kitanda hiki:
fungueni kamba.

Basi mkono wangu huu, unaopinga amri za mbali,
uliletwa na amri ya mbali.
Mfupa huo nimeutafuna miaka thelathini na ushei,
haulainiki, wala siutemi.
Jirani akisema, ya kwetu tuachiwe wenyewe,
naitikia, tena kwa sauti.
Halafu nauliza: wenyewe akina nani?
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya baba ilikuwa nzuri, imefumwa nyumbani.

Mwaka uliofuata mama aliingia uwanjani
na koti la kanisani, kadi mkononi,
akasimama mbali na mumewe.
Swali la kwanza maishani mwake lilikuwa kodi ya mifereji.
Baba akaikubali. Mama akaikataa.
Akashindwa vibaya,
akarudi nyumbani anacheka njia nzima,
baba nyuma yake, amembebea mwavuli.

Leo swali ni dogo.
Ofisi ya kata yetu ifungwe, mafaili yahamie mjini,
ipatikane nafuu.
Nafuu ya nani? Barua ya mazishi ya mama
niliandikiwa na mtu aliyemjua mama.
Wanaopinga!
Nainua mkono, mrefu kadiri bega linavyoruhusu,
na macho yanaufuata mkono,
yanaupita,
mpaka kwenye dirisha lile la ghorofa ya pili.
Siku hizi ni hoteli.
Vjollca, msafisha vyumba, mwaka wa ishirini na mmoja
bondeni humu, kodi analipa,
amesimamisha kitambaa chake juu ya kioo.
Midomo yake inachezacheza.
Anahesabu mikono.