Mawingu, Nane kwa Nane

Miaka thelathini na moja nimepima mvua
kwa kopo la shaba pale Matangatuani.
Saa tatu asubuhi, Idi na msiba,
nainama, nasoma mstari, naandika milimita.
Kazi ya kuinama. Juu sikuangalia
ila kuhesabu mbingu imefunikwa sehemu ngapi katika nane.

Nilipostaafu nikaondoka na daftari moja tupu.
Kama ni wizi, niandikeni.

Mpwa wangu Saleh akaniletea kioo kutoka Maskati,
kimeviringishwa ndani ya kanzu tatu.
Bomba nimenunua Wete, la maji machafu, jipya, msicheke,
na mguu wa cherehani ya marehemu mama
ndio unaobeba darubini.
Nakanyaga pedeli kwa mazoea. Haishoni kitu.

Naona nini? Mshtarii.
Tufe la mawingu, limefungwa mikanda,
kioo kimelipindua juu chini,
na mikanda inakwenda, mmoja huku, mwenzake kule,
kama wake wenza wanaopishana ukumbini bila salamu.
Siku yake haifiki saa kumi.
Nenda kakoroge uji, ukirudi sura imeanza kugeuka.

Doa kubwa nililitafuta wiki mbili.
Rangi yake karafuu inayoanza kupevuka.
Dhoruba, ile. Moja tu. Watu walikuwa wakiitazama
kabla ya kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja,
na kile kilimaliza kazi yake kwa siku moja.
Hii bado inazunguka. Ila inasinyaa:
zamani dunia tatu zingeingia ndani,
sasa moja, na nafasi ya kujigeuza kitandani.

Nachora kwa penseli. Kwenye safu ya Mawingu
naandika nane kwa nane. Kila usiku, nane kwa nane.
Dalili ya mvua ni mawingu, tumefunzwa.
Huko mawingu ndiyo nyumba, ndiyo ua, ndiyo shamba,
hakuna ardhi ya kurowa.
Dalili ya nini, basi?

Jumanne, waya wa Tanga ukafanya mambo yake,
kisiwa kizima kikazimika.
"Alhamdulillahi," nikasema,
na jirani yangu Bikombo akanisikia, akanuna.
Giza lile! Kwenye mkanda wa kusini
palikuwa na kidoa cheupe, punje ya mchele.
Jana hakikuwapo. Narudia: jana hakikuwapo,
mchoro ninao.
Nikavunja penseli, nikaichonga kwa meno,
nikaandika saa: nne na dakika kumi na mbili.
Kisha nikakumbuka nuru ile iliondoka kwao
zaidi ya nusu saa nyuma.
Hata habari yenye mbio kuliko zote
hufika kama barua.

Sikusikia upepo kugeuka.
Sikunusa.
Mimi, Mize Shaame, niliyejua mvua kwa magoti,
nilisikia tone la kwanza juu ya bomba, ko,
kisha la pili, kisha Bikombo:
"Anua! Anua, we Mize! Karafuu!"

Pishi kumi na nne, zangu na zake,
tulizozikunjia ndani ya majamvi na kuziacha uwani
kwa kuwa mimi nilisema leo hainyeshi.
Tukaburuta gizani, kila mmoja na ncha yake.
"Mvua ya mbingu ya saba unaiona," akaniambia,
"hii ya utosini huioni."
Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Asubuhi, saa tatu, kopo la maziwa ya unga:
milimita kumi na tisa.
Nimeziandika kwenye mstari ule ule
wenye kidoa cheupe.
Karafuu za juu zilifanya ukungu, zitakwenda daraja la tatu.

Jumatano, mawingu. Alhamisi, mawingu.
Ijumaa mbingu ikafunguka robo saa:
punje imekuwa mkia, umetambaa nusu ya mkanda.
Mlango wa uwani ukalia nyuma yangu.
Bikombo, kanga kichwani, salamu hana.
"Sogea."
Akainama.
Akakaa kimya mpaka nikasikia mbu.
Kisha, jicho lingali kwenye kioo:
"Na huko, huanua nini?"