Kwa Hoza, Uliyehamia Barabara ya Kumi na Sita

Hoza, kwanza kitasa. Kibadilishe leo hii.
Mpangaji aliyetoka huenda kaondoka na ufunguo,
na wewe si mtu wa kufunguliwa mlango bila hodi.
Fundi yupo nyuma ya soko la Ngamiani.
Mwambie umetumwa na Sufiani wa cherehani,
atakupunguzia buku.

Pili... la, sihesabu.
Ushauri ukiuhesabu unageuka hotuba,
nami nimekaa tu hapa napiga pindo sare za shule,
mguu kwenye pedeli, simu imeegemea kopo la vifungo.

Mwenye nyumba wako, Bi Mwanakombo,
anapenda asalimiwe kabla hajakuona.
Msalimie. Mpokee ndoo.
Akikuuliza utaoa lini, sema, "Niombee, mama,"
kisha unyamaze. Hapo hukusema uongo.
Ataomba asichokijua,
na Mungu anajua cha kupokea.

Simu itie namba ya siri, isiwe mwaka uliozaliwa.
Anayekuita mpenzi Jumatatu, akataka picha Jumanne,
Jumatano atataka laki mbili.
Alinitenda mmoja, kijana wa Pongwe,
meno meupe, sauti ya kubembeleza mtoto.
Niliuza cherehani. Hii ninayoikanyaga ni ya pili.
Basi mgeni mkutane mchana, penye watu,
chai yake alipe yeye, yako ulipe wewe,
na mmoja wetu ajue uko wapi.

Ukiugua usimuulize Zumo. Zumo anajua nywele tu.
Nenda hospitali, dirisha la mwisho,
mwulizie nesi Mama Kaoneka.
Haulizi nani, anauliza tangu lini,
na vidonge anavifunga kwenye gazeti kama karanga.

Usioe kwa woga.
Mke si pazia.

Na lile neno... utalisikia, labda ushalisikia.
Mama yangu alikuwa na shoga zake watatu,
wakisukana barazani, wakiazimana kanga na sukari.
"Shoga, umeamkaje?" "Shoga, njoo uonje mchuzi."
Nilikua nikidhani hakuna neno tamu zaidi Makorora nzima.
Kisha siku moja, nina miaka kumi na minne,
nikarushiwa lilelile, na jiwe juu yake.
Siku hizi mimi na Zumo tunaitana hivyo jikoni,
kwa sauti ya Mama. Tunalirudisha taratibu,
kama unavyofumua mshono mbaya
bila kuchana kitambaa.

Sikutaka kukwambia habari za Kibwana, lakini utaziskia kwingine.
Miaka kumi na moja tulikula sahani moja.
Alipofariki ndugu zake walikuja na lori,
wakachukua kitanda, redio, hata sufuria ya pilau.
Mimi nilikuwa "yule rafiki wa marehemu."
Jeneza nililibeba kutoka kwenye duka la mkaa hadi kwenye kona,
kisha bega lingine likanipokea,
na hakuna aliyejua nimepokewa nini.
Usiku Zumo na wenzake waliingia kwa mlango wa uani,
wakapika wali, wakakaa chini,
wakanipa pole ile wanayopewa wajane.

Ndiyo maana nasema uje Alhamisi.
Hatufanyi lolote kubwa. Tunakuna nazi,
tunagombana juu ya Coastal na waamuzi,
mmoja analia kidogo, mwingine anaosha vyombo.
Lete nazi mbili, na kama una kisu kinachokata, kilete.
Baiskeli iingize ndani, usiiache nje.

Nilikuwa naendelea kuandika,
nimefika kwenye mambo ya kuweka akiba,
ujumbe wako ukaingia katikati:
"Kaka, we umekula?"

Hoza.
Saa tisa na nusu sasa, sare arobaini mbele yangu,
na tangu ile lori iondoke
sikumbuki nani aliniuliza hivyo mchana.

Sijala.
Nimeweka mkasi chini.