Mizani ya Kifua

Nimewaleta watano ndani ya begi moja,
hawana miguu, hawana mikono,
vifua vya mpira na midomo wazi
kama watu waliokatizwa katikati ya neno.
Ukumbi wa michezo wa shule ya Antsla
unanuka soksi za sufu zilizolowa.
Novemba, saa kumi haijagonga,
na Estonia yote nje ya dirisha ni giza.

Darasa la nane, ishirini na mmoja.
Joosep keshampa sanamu wake jina: Mjomba Elmar.
Ott anauliza, kwa sauti ya kufika hadi ngazini,
kama ni lazima ambusu.
Si lazima, nasema. Elmar hajapiga mswaki.
Wanacheka. Waache.
Kicheko nacho ni pumzi, inaingia, inatoka.

Haya, magoti chini.
Mwite. Mtikise mabega. Mwite tena.
Tazama kifua: kinapanda?
Ule mkoromo wa mara mojamoja si kupumua,
ni mlango unaopigwapigwa na upepo, nyumba tupu.
Wewe, Triinu, piga moja, moja, mbili.
Usiseme "mtu fulani apige."
Miaka thelathini na mmoja ndani ya ambulensi
na Mtu Fulani sijapata kumwona.

Kiganja katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja,
viwiko vinyooke, uzito utoke mabegani.
Bonyeza, achia.
Bonyeza, achia.
Kina cha sentimita tano, mara mia na ushee kwa dakika,
thelathini, kisha pumzi mbili, kisha thelathini.
Hii ni mizani, wanangu,
na mizani hii haingoji vina.

Hedvig ana kilo thelathini na nane, pamoja na viatu.
Sanamu wake hatoi ule mlio mdogo, *tik*,
wa kusema: hapo, umefika.
Anainuka juu ya magoti, anajimwaga mzima mzima.
*Tik.*
Anashtuka kana kwamba amevunja sahani ya mtu.

"Na nikichoka?"
Utachoka. Dakika mbili tu, mikono inakuwa uji.
Mwenzako atakupokea.
"Na nikiwa peke yangu?"
Utachoka, na utaendelea.
"Na nikimvunja mbavu?"

Hapo nilinyamaza kidogo.
Kuna jiko moja ninalolijua, mwisho wa njia ya msitu.
Viazi vilikuwa bado vinatokota tulipofika.
Mume sakafuni. Mke kasimama na taulo
aliyoikunja mara nne, ukingo kwa ukingo,
dakika kumi na tisa, akiikunja na kuikunjua.
*Niliogopa kumuumiza*, alituambia.
Baadaye alitukaribisha viazi.

Taulo sikuwasimulia.
Nilisema: mbavu huunga.
Lakini ili mbavu ikuume wiki nzima,
sharti kwanza uwe hai.

Kengele. Makoti, mabegi, vurugu mlangoni.
Ott amebaki, mcheshi wetu, bila kuombwa,
anafuta midomo ya sanamu kwa spiriti,
taratibu, kama mtu anayemnawisha mgonjwa.
"Bibi Maimu, ambulensi hadi kwetu ni dakika ngapi?"
Kwenu ni wapi?
Akanitajia. Napajua: ziwa, kisha changarawe, kisha daraja la mbao.
Dakika ishirini na tano, nikasema. Theluji ikiwa chache.
Hakuniambia nani anaumwa huko. Sikumuuliza.

Akapiga magoti tena.

Taa za ukumbi ule huzima zenyewe
zisipoona mtu akitembea.
Zikazima. Nami nilikuwa mlangoni, begi begani,
ningepunga mkono zingewaka.
Sikupunga.
Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa,
*tik*, gizani, *tik*,
na kijana mmoja akihema.