Meno ya Tairi

Ogweno ameyapanga nje ya duka lake Kondele,
matairi mapya, yananuka mpira na deni.
"Hili," asema, akilipiga kofi kama anayeuza fahali,
"hili ni jino la mamba. Hili linapanda ukuta."

Sina ukuta wa kupanda, Ogweno.
Nina kilomita nne baada ya lami kuisha,
kushuka bondeni kutoka barabara ya Ahero,
na udongo mweusi ambao ukinyeshewa
ni ugali uliokosa mpishi:
unashika mwiko, unashika sufuria, unashika mkono.

Gari nililiinua mwenyewe, inchi tatu,
mwaka ule Nyando ilipovunja kingo
maji yakaingia nyuma, yakalowesha
kisichopaswa kuloweshwa.
Springi mpya, shokomzoba ndefu.
Vijana wa hapa hudhani ni madoido.
Hawajui ninachobeba.

Nabeba waliotoka chumba cha baridi.
Natoka nao hospitalini asubuhi,
matawi yamefungwa kwenye vioo,
nawarudisha kwao.

Basi napiga magoti, naingiza vidole kati ya meno.
Nafasi hii ni finyu, udongo utaingia ulale humo.
Jino lisilotema ni jino bure:
mizunguko miwili tu, tairi limevaa tope kama soksi,
limekuwa gogo,
linajizungusha papo hapo likidhani linakwenda.

"Chukua pana, pana linaelea."
Juu ya mchanga, kweli. Mimi sitaki kuelea.
Nataka jembamba, likate ule uji, lishuke
likatafute ardhi ngumu iliyokuwako kabla ya mvua.
"Jembamba halina sura."
Sura ya kumwonyesha nani?
"Na haya ya matope yatavuma kwenye lami,
vuuu, kama nyuki, mpaka Awasi."
Yavume. Abiria wangu hajawahi kulalamika.

Mei iliyopita, Kobura, nilikwama na Mzee Nyangweso.
Nikakanyaga mafuta, gari likarusha tope
kwenye suti za wakwe.
Nikapunguza upepo, likazama kwa adabu zaidi.
Wanaume wanane wakavua viatu,
wakamtwaa mabegani, mita mia tatu.
Mjane akapita dirishani pangu, pindo la gauni mkononi,
akasema bila kupunguza mwendo:
"Hata alipokuwa hai, kumfikisha nyumbani ilikuwa vita."
Watu wakacheka. Msibani, tope magotini, wakacheka,
nami nikacheka, mikono kwenye usukani,
na aibu ile haijanishuka kooni.

Nikihesabu, lami ni nyingi, tope ni kilomita nne.
Zile nne ndizo zinazonijua jina.

Laki moja kwa manne, asema Ogweno.
Natoa elfu sabini, naahidi zilizobaki.
"Lini?"
"Mvua zikianza. Mvua zikianza kazi huwa nyingi."
Tunanyamaza wote wawili.
Kila mmoja amesikia nilichosema.
Anazikunja noti bila kuzihesabu.

Wandera, kijana wake, ameshafungua nati.
Namwambia ajaze thelathini,
mwisho wa lami nitatoa nusu mwenyewe
kwa njiti ya kiberiti, kama kawaida.
Anabingirisha la zamani, kipara kitupu.
"Hili nilitupe?"
Litupe. Hapana, ngoja, liweke nyuma.
Limewafikisha wengi.

Hapa Kondele jua linawaka mabati.
Kule Nandi wingu limekaa tangu jana,
na mto haujawahi kuuliza Kondele kukoje.

Ijumaa nina safari ya Nyakach.
Bibi wa miaka tisini na mmoja.
Wanawe wamenipigia simu mara tatu kunionya:
mama yao, wanasema,
hakuwa mtu wa kuchelewa.